Anzia mlangoni, kisha rudi nyuma: njia ya mtu mzima wa Tanga kuingia kiwandani au hospitalini akiwa na cheti

Alikuja mama mmoja kwenye darasa letu la jioni, Ngamiani, akiwa ameshika karatasi ya matokeo ya kidato cha nne kama mtu aliyeshika hati ya nyumba. Mchana alikuwa anauza maandazi, usiku anasoma, na alikwenda hivyo kwa miaka miwili. Alikuwa amefaulu masomo manne: Kiswahili, Uraia, Historia na Jiografia.

"Mwalimu, sasa nielekeze," aliniambia. "Nataka uuguzi."

Nilishindwa kumtazama usoni. Uuguzi unataka Kemia, Baiolojia na Fizikia, na katika miaka yote miwili hakuna mtu kituoni kwake aliyemwambia. Walimpangia masomo yaliyokuwa na walimu, yeye akayasoma kwa bidii, akayafaulu.

Kwa sababu hiyo mwongozo huu nimeuanzia mwisho. Watu wazima wengi huanza na darasa lililo karibu, wakitumaini kwamba njia itaonekana mbele ya safari. Mimi nakuomba uanze na mlango unaotaka kuupita. Jua mlinzi wa pale anadai karatasi gani, kisha rudi nyuma hatua kwa hatua mpaka ufike ulipo leo.

Hatua ya kwanza: chagua mlango mmoja

Mkoa wetu una milango mingi. Upande wa viwanda kuna saruji ya Pongwe na Maweni, maziwa ya Tanga Fresh, usokotaji wa kamba za mkonge, korona (mitambo ya kuchakata majani ya mkonge) za mashambani Muheza na Korogwe, na bandari pamoja na karakana zinazoizunguka. Upande wa afya kuna Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Bombo, Hospitali Teule Muheza, hospitali za wilaya, na zahanati za kata hadi kata.

Lakini "nataka kazi ya kiwandani" bado si mlango. Kiwanda kimoja kina kibarua wa kupakia mifuko, mwendesha mtambo, fundi umeme wa viwandani, fundi mitambo, mchomeleaji na mpima ubora wa maabara. Kibarua anaingia kwa nguvu zake, na siku nguvu zikipungua anatoka. Waliobaki wanaingia kwa cheti, na cheti hicho mara nyingi ni cha VETA, Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, ngazi ya kwanza hadi ya tatu. Habari njema ni kwamba fani nyingi za VETA zinampokea hata aliyeishia darasa la saba, ilimradi anasoma, anaandika na hesabu haimtishi. Tanga tuna chuo cha VETA cha mkoa. Ukiacha kozi ndefu, kuna kozi fupi ambazo mtu mwenye kazi anaweza kuzichukua.

Afya ni kali zaidi. Stashahada ya uuguzi na ukunga ni miaka mitatu, na anayeomba anatakiwa awe na ufaulu wa angalau D katika masomo manne yasiyo ya dini kwenye kidato cha nne, yakiwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia. Utabibu ni vivyo hivyo. Famasia inasisitiza Kemia na Baiolojia. Hisabati na Kiingereza vinakuongezea nafasi. Andika masomo hayo kwenye karatasi, uibandike ukutani, halafu ndipo uende kujiandikisha darasani.

Kuna mlango mwingine wa afya ambao watu hawauangalii: mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Mpango wa taifa uliozinduliwa Januari 2024 umelenga kuwapata wahudumu 137,294 ndani ya miaka mitano, na mafunzo yao ni ya miezi sita. Uteuzi unaanzia kwenu mtaani au kijijini. Anayetaka nafasi hiyo ahudhurie mikutano ya mtaa na ajulikane kwa mtendaji. Akikaa nyumbani kusubiri tangazo, jina lake halitapita.

Kwa nini mlango mmoja tu? Kwa sababu mtu mzima hana miaka ya kujaribu. Kijana wa miaka 16 akipoteza mwaka, mama yake bado anapika. Wewe ukipoteza mwaka, ni watoto wako waliokosa kitu. Chagua, shikilia.

Hatua ya pili: pima ulipo bila kujionea haya

Darasani kwangu nimewapokea watu wa aina nne, na kila aina ina njia yake.

Asiyejua kusoma na kuandika vizuri aanze na madarasa ya MUKEJA, yaani ya kisomo cha watu wazima, yaliyo chini ya halmashauri. Muulize afisa elimu kata wako yako wapi. Usione aibu hata kidogo. Mwaka 1967 theluthi mbili ya watu wazima wa nchi hii walikuwa hawajui kusoma. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, bibi zetu wakakaa chini ya miembe na vitabu mapajani. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya "Mtu ni Afya", watu karibu milioni mbili wakakusanyika kwenye vikundi kuzunguka redio, wakajifunza kuchimba vyoo, kuchemsha maji na kufyeka mazalia ya mbu. Elimu ya watu wazima na afya zilishikana mikono nchini humu muda mrefu kabla yetu.

Aliyemaliza la saba na anataka kidato cha nne aende Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima au kituo kinachotambulika. Njia yao ni ya hatua mbili: hatua ya kwanza ni mambo ya kidato cha kwanza na cha pili, mwisho wake ni Mtihani wa Maarifa, ambao wengi tunauita QT. Ukifaulu huo, unaingia hatua ya pili na kufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Kwa kawaida kila hatua ni mwaka mmoja, lakini mwaka mmoja wa Fizikia na Kemia kwa mtu aliyeacha shule miaka ishirini iliyopita ni mfupi mno. Mimi huwashauri wanaotaka afya waanze Kemia miezi mitatu au minne kabla darasa rasmi halijafunguliwa, hata kwa kulipa mwanafunzi wa kidato cha tano awafundishe barazani.

Aliyemaliza kidato cha nne na kuanguka masomo machache hahitaji QT. Anarisiti masomo anayoyahitaji tu. Kabla hujalipia, peleka cheti chako kwenye chuo unachokitaka ukawaulize kama watayapokea matokeo ya mitihani miwili yakiunganishwa, na ni masomo yapi hasa uyarudie. Swali hilo moja lingemwokolea yule mama wa maandazi miaka miwili.

Wa nne ni fundi asiye na cheti, na huyu namwonea uchungu kuliko wote. Amechomelea mageti ya nusu ya Makorora, amefunga mota za visima, amefufua mashine ambazo wenye vyeti walizikatia tamaa. Kiwandani wanamlipa kibarua, kwa sababu hana karatasi. Ndugu yangu, VETA ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Unapimwa kwa maswali na kwa kazi yenyewe, unafundishwa yale yaliyokupungukia, kisha unapewa cheti. Anza leo kukusanya ushahidi: picha za kazi ulizofanya, barua za wateja au mwenye karakana, na barua ya serikali ya mtaa. Fundi mmoja niliyemsindikiza alijikwaa kwenye kitu kimoja tu, kusoma mchoro. Mikono yake ilijua, macho yake hayakuwahi kuzoeshwa karatasi. Majuma machache ya mazoezi yalitosha.

Wasichana na akina mama waliokatishwa masomo, hasa wenye watoto wadogo, waviangalie Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi. Viko 54 nchi nzima, na mkoani kwetu kipo cha Kiwanda, wilayani Muheza, na cha Handeni. Huko mtu anasoma sekondari na ufundi kwa pamoja, na vingi vina sehemu ya kulelea watoto mama akiwa darasani. Ulizia hilo mapema. Mtoto akiwa hana pa kukaa, daftari halifunguki.

Hatua ya tatu: majina yako yote yawe jina moja

Kituo cha kwanza baada ya kuamua ni kabati lako la nyaraka. Toa cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha taifa, cheti cha la saba au cha kidato cha nne. Vipange kitandani, usome herufi kwa herufi. Pwani yetu hii, Mwanaidi anageuka Mwanaid, Hamisi anakuwa Khamis, na jina la babu linaingia mahali pa jina la ukoo. Nyumbani hakuna anayejali. Kwenye maombi ya chuo na kwenye usajili wa taaluma, watu hao ni wawili tofauti.

Tofauti ndogo hurekebishwa kwa hati ya kiapo mbele ya wakili au mahakamani, kubwa zaidi inahitaji hati ya kubadili jina. Fanya kabla hujajisajili mtihani, kwa kuwa jina utakaloandikisha Baraza la Mitihani ndilo litakalokuja kwenye cheti. Kama cheti kimepotea, kaombe taarifa ya upotevu polisi kwanza. Kila ofisi utakayokwenda baadaye itaiulizia.

Hatua ya nne: kikague chuo kabla ya kutoa hata mia

Hapa naandika nikiwa na kidonda. Mdogo wangu alilipa ada ya mwaka mzima kwenye chuo kimoja kilichomwahidi "unesi wa mwaka mmoja, ajira moja kwa moja". Walikuwa na sare nyeupe, bango kubwa, na mwanamke mpole mapokezi. Alipomaliza akapewa cheti ambacho hakuna hospitali iliyokigusa, kwa kuwa chuo kile hakikusajiliwa kufundisha kozi ile. Zile zilikuwa hela za mavuno ya machungwa ya baba yetu.

Kwa hiyo: chuo chochote cha afya au cha ufundi kinatakiwa kiwe kimesajiliwa na NACTVET, baraza la taifa linalosimamia vyuo vya ufundi. Waombe namba ya usajili, kisha uitafute mwenyewe kwenye tovuti ya baraza, au umpe kijana mwenye simu akutafutie mbele ya macho yako. Angalia mambo mawili, siyo moja: chuo kiwe kimesajiliwa, na kozi ile ile unayoiomba iwe imeorodheshwa chini ya jina lake. Chuo kinaweza kuwa na kibali cha kufundisha kompyuta kikawa kinauza uuguzi.

Kumbuka pia kwamba muuguzi hafanyi kazi kwa cheti cha chuo peke yake. Lazima asajiliwe na Baraza la Uuguzi na Ukunga na apate leseni. Uliza chuoni, bila woga: "Wahitimu wenu wa mwaka jana wangapi wamepata leseni?" Wenye chuo cha kweli watajibu kwa fahari. Wengine wataanza kukusifia majengo.

Ada ilipwe kwa namba ya malipo au akaunti ya benki ya chuo, kamwe si kwenye simu ya mtu. Risiti weka.

Kuhusu fedha kwa ujumla nitasema machache. Katika vyuo vya serikali mara nyingi kinachomshinda mtu siyo ada. Ni nauli, overoli, buti, vifaa, chakula cha mchana, na kipato kinachosimama wakati unasoma. Piga hesabu ya hivyo vyote kwa miezi yote ya kozi. Tangu mwaka wa masomo 2023/24 Bodi ya Mikopo imekuwa ikiwakopesha pia wanafunzi wa baadhi ya kozi za stashahada, za afya zikiwemo, kwa hiyo anayekwenda huko aombe dirisha linapofunguliwa.

Hatua ya tano: ratiba inayokubaliana na zamu

Kama tayari uko kiwandani, adui yako ni zamu ya usiku. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, na kazi ya ziada unalipwa angalau mara moja na nusu. Maana yake kazi ya ziada ina utamu, na utamu huo ndio unaoua masomo. Amua mapema ni siku zipi hutaikubali.

Mwombe msimamizi zamu isiyobadilikabadilika. Nenda na ratiba ya darasa mkononi, umwamkie vizuri, umweleze kwamba unasomea jambo litakalomfaa yeye pia. "Shikamoo mzee, naomba nikuoneshe kitu" imefungua milango ambayo barua rasmi ilishindwa kuifungua. Kuwasomesha wafanyakazi mahali pa kazi si jambo geni hapa nchini. Waraka wa Waziri Mkuu wa mwaka 1973 uliyataka mashirika yafanye hivyo, na wazee wa Tanga waliofanya kazi viwandani miaka ile wanayakumbuka madarasa hayo. Naamini wenye viwanda wa leo wangepata faida kubwa wakiyarudisha, hata kwa saa mbili kwa wiki.

Mtihani wa kidato cha nne ni Novemba, katikati ya mvua za vuli, na usajili wa watahiniwa wa kujitegemea huanza mwanzoni mwa mwaka. Kwa hiyo hesabu mwaka wako kuanzia Januari. Anayekuja kuniuliza Agosti namwambia kwa upole kwamba anajiandaa kwa mwaka unaofuata. Kalenda iweke na Ramadhani ndani. Wanafunzi wangu wengi hufunga, na darasa la saa kumi na moja jioni siku ya saumu halina uhai. Sisi tulilihamishia baada ya tarawehe, watu wakaja wamenawiri, wengine na vyombo vya tende.

Hatua ya sita: hesabu na Kiingereza cha kazi, kila siku nusu saa

Hii hatua haimo kwenye fomu yoyote, na ndiyo inayoamua nani atabaki chuoni. Watu wazima hawashindwi na akili. Wanashindwa na sehemu, uwiano na vipimo, mambo waliyoyaacha darasa la sita. Hivyo darasani hatufundishi hesabu tupu. Tunaanza na kazi yenyewe.

Mfano wa wodini. Chupa ya dawa ya maji imeandikwa miligramu 250 katika mililita 5. Daktari ameandika mtoto apewe miligramu 400. Utampa mililita ngapi? Gawanya 250 kwa 5, upate miligramu 50 katika kila mililita moja. Sasa 400 gawanya kwa 50: mililita 8. Ukielewa hilo, nenda kwenye dripu. Maji mililita 500 yaingie kwa saa 4, na mpira wake unatoa matone 20 kwa kila mililita. Matone yote ni 500 mara 20, yaani 10,000. Saa 4 ni dakika 240. Gawanya, ni kama matone 42 kwa dakika. Yule mama wa maandazi alipofika hapa aliniambia ni sawa na kugawa unga kwa vikombe. Ni sawa kabisa, na tangu siku hiyo hakuogopa tena.

Mfano wa kiwandani. Zamu imetoa mifuko 1,200 ya saruji, iliyopasuka ni 36. Hiyo ni asilimia ngapi? Tatu. Msimamizi anayeuliza swali hilo saa kumi usiku anataka jibu, hataki maelezo. Kwenye maziwa, kipimajoto ndiyo sheria: maziwa yanayopashwa kwa nyuzi 72 hukaa sekunde 15, yanayopashwa kwa nyuzi 63 hukaa dakika 30. Anayedhani nyuzi 68 "zinakaribia" hajaelewa anachokifanya. Kwa anayetaka ufundi mitambo, nunua au azima kaliper, upime kila kitu nyumbani, kuanzia kipenyo cha bomba hadi unene wa sufuria. Ujue kwamba boltu ya milimita 8 inataka spana namba 13, na kwa nini.

Kiingereza nacho kisikutishe. Huhitaji kuhutubia. Unahitaji kusoma lebo, onyo lililo kwenye mashine, na swali la mtihani. Chukua maneno matano kwa siku kutoka kwenye vitu halisi: pakiti ya dawa, kibao cha transfoma, mfuko wa kemikali. Yaandike kwa kalamu nyekundu, maana yake kwa Kiswahili ubavuni. Baada ya miezi sita una maneno karibu mia tisa, na swali la Baiolojia linaanza kukuangalia kama mtu mnayefahamiana.

Someni wawili au watatu. Kikundi kikubwa hugeuka baraza la kahawa, na kahawa yetu na kashata mnaijua.

Hatua ya saba: siku ya kwanza ya mafunzo kwa vitendo

Utakapofikia kupelekwa wodini au karakanani, utakuta msimamizi wako ana umri wa mwanao. Mwite "mwalimu" au "sista" kama wenzako wanavyomwita, na umwachie nafasi yake. Uzito wa umri wako utaonekana wenyewe, kwa namna unavyomwinua mgonjwa au unavyosafisha vifaa bila kuambiwa.

Kiwandani usiguse mtambo kabla hujapewa kofia ngumu, buti na miwani. Vifaa hivyo ni wajibu wa mwajiri, hupaswi kukatwa mshahara kwa ajili yake. Jifunze swichi ya kuzimia dharura iko wapi kabla hujajifunza ya kuwashia. Wodini, nawa mikono kabla na baada ya kila mgonjwa, hata kama hakuna anayekuangalia, na uulizie utaratibu wa kufuata ukichomwa na sindano kabla jambo hilo halijakupata. Kila kazi uliyoifanya iandike kwenye kitabu chako cha mafunzo siku hiyo hiyo, msimamizi atie sahihi kabla ya kuondoka. Sahihi za kukusanya mwisho wa mwezi huwa zinapotea.

Yule mama alirisiti Kemia, Baiolojia na Fizikia. Mara ya kwanza Fizikia ilimwangusha, akairudia peke yake mwaka uliofuata, akapata D. Juzi alipita darasani kwa baiskeli, ana fomu ya maombi ya chuo kwenye mfuko wa nailoni isiloe mvua, akaniomba niikague majina herufi kwa herufi. Tuliikagua mara mbili.